Kujitolea Kuna Gharama Yake



Tunapotaja kujitolea, aghalabu husema kuwa ni kazi isiyo na malipo. Usemi huo ni nusu ya ukweli. Mwenye kujitolea hapokei ujira, lakini gharama ya kazi yake hulipwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo yumo nyumbani mwake. Nitakueleza habari za mama yangu mzazi, ambaye tumemzika huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, upate kuliona jambo hilo.

Amani ni mahali panapofahamika kwa wataalamu. Wajerumani walianzisha huko kituo cha utafiti wa viumbe na kilimo mwaka 1902, na baadaye wakaja watafiti wa malaria. Vijiji vya Muheza, chini ya milima hiyo, vilikuwa miongoni mwa vile vilivyoshiriki majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa katika miaka ya 1980. Majina ya wataalamu hao yamo vitabuni. Historia ya taifa nayo imemwandika Bibi Titi Mohamed, aliyewaamsha akina mama kujiunga na TANU kuanzia mwaka 1955. Mama yangu hakuandikwa popote. Alikuwa mchuma chai, na elimu yake ilikuwa ya darasa la saba.

Alianza kujitolea angali msichana. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kuwa theluthi mbili ya watu wazima nchini hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia mwaka 1975 wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39, na mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10. Tarakimu hizo hazikushuka zenyewe. Zilishushwa na walimu wa jioni waliokaa chini ya miembe na katika mabanda ya shule, wakishika mikono ya wazee ili waandike majina yao. Ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchini kote kusikiliza redio, kujadiliana, na kisha kwenda kuchimba vyoo. Katika kikundi chake, mama ndiye aliyewasomea kijitabu wenzake baada ya redio kunyamaza.

Sisi watoto wake tulizaliwa tukamkuta tayari ni mali ya kijiji. Hodi ilipopigwa usiku wa manane, hatukuuliza nani anaitwa. Mama alivaa kanga ya pili, akachukua taa na daftari lake, akatoka. Mzazi akishindwa, vijana walitengeneza machela ya miti na blanketi, wakateremka naye katika barabara ile ya makona, mvua ikinyesha, naye mama akifuata nyuma kwa miguu. Hati punguzo za vyandarua zilipoanza kutolewa kwa wajawazito mwaka 2004, alipita nyumba kwa nyumba akiwahimiza waende kliniki.

Sasa tuitazame gharama. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Siku asiyofika kwenye mzani, hana lake. Kwa hiyo kila usiku mama aliokesha kwa mgonjwa ulikuwa na kesho yake isiyo na ujira. Na asubuhi hiyo wadogo walihitaji uji, mbuzi walihitaji majani, na maji yalikuwa mtoni. Kazi hizo zote zilimwangukia dada yetu mkubwa, naye akabaki nyumbani huku wenziwe wakienda shule. Hakuchaguliwa kuendelea na masomo ya sekondari. Kijiji kilimsifu mama kwa moyo wake wa kujitolea, na hapana aliyemshukuru dada.

Baada ya arobaini tulifungua sanduku la mama, tukalikuta lile daftari. Kurasa za mbele zilikuwa na majina ya wajawazito na siku walizojifungua. Kurasa za nyuma zilikuwa na orodha nyingine, kwa mwandiko ule ule: tarehe, na mbele ya kila tarehe jina la dada yetu, na maneno mawili, “hakwenda shule.” Katika ukurasa wa mwisho aliandika bei ya iliki aliyoiuza, na chini yake bei ya cherehani. Cherehani hiyo ndiyo iliyomlea dada na wanawe hadi leo.

Dada alisoma kimya. Kisha akasema, “Kumbe alikuwa anahesabu.”

Ndiyo, ndugu msomaji, alikuwa anahesabu. Hakujidanganya kuwa wema wake ulikuwa wa bure. Alijua nani anaulipia, akaliandika deni hilo kwa mkono wake, akalipa kadiri alivyoweza. Cherehani si sawa na shule, naye alilijua hilo pia. Lakini wapo watu wengi leo huko Amani waliozaliwa salama, na mama zao wangali hai, kwa sababu mlango wetu ulifunguliwa kila ulipobishwa.

Wewe unayesoma haya ukiwa Ngamiani, Magomeni au Mwanjelwa, bila shaka mtaani kwako yumo mama wa namna hii. Ndiye anayeitwa kwenye uzazi, kwenye msiba na kwenye ugomvi wa mke na mume. Usitosheke kumsifu mikutanoni. Uliza nyumbani kwake leo amepika nani, na ni mtoto gani aliyekosa shule. Kisha mpelekee ndoo ya maji na kibaba cha unga, au umchukue huyo mdogo anayelia mpaka mama yake arudi. Akina mama hawa wamelipa vya kutosha. Zamu ni yetu.