Safari ya Dakika Kumi

Nimezaliwa Gisenyi, wilayani Rubavu, hatua chache kutoka Goma. Nyumbani tunasema Kinyarwanda. Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, nilikianza shuleni.

Siku moja mama aliugua, akanituma nimpelekee mteja wake wa Goma beseni la nyanya. Mpakani afisa akaniuliza naenda wapi. Nikajibu kwa fahari: “Shikamoo, mzee. Niko safarini.”

Akatazama kandambili zangu. “Safari ya wapi? Utalala siku ngapi? Pasi yako iko wapi?”

Nikababaika. Jua lilikuwa kali, na nyanya zile ndizo zilizokuwa ada yangu ya shule.

Mama muuza mboga aliyekuwa nyuma yangu akacheka. “Papa, mtoto anavuka tu. Anapeleka nyanya, jioni anarudi.” Nikaruhusiwa.

Kinyarwanda kina neno urugendo, nami niliamini kila urugendo ni safari. Sasa najua: anayelala ugenini amesafiri, anayekwenda kwa ndugu amewatembelea, na sisi wa mpakani tunavuka. Tangu siku hiyo, kabla sijachagua neno, nawasikiliza kwanza wanaopita njia hiyo kila siku.