Je, Ni Ile Sindano ya Mgongo?

Akina mama wapendwa, ni nani kati yetu hajasikia maneno haya: "Tangu nichomwe ile sindano ya operesheni, mgongo wangu haujapona"? Hapa Moshi tunayasikia sokoni na hata katika vikundi vya maombi. Sisi wauguzi tumeyazoea mno, na kuzoea huko kulitaka kutuponza.

Jumapili moja, baada ya ibada, tulikwenda Uru kumpongeza mzazi aliyejifungua kwa upasuaji siku kumi zilizopita. Alisema kichwa kinamuuma. Tukamjibu, "Ni ile sindano, itapita." Jumatano tulipompelekea mtori, tulimkuta haoni vizuri. Tulipompima, shinikizo la damu lilikuwa 170 kwa 110. Haikuwa sindano. Ilikuwa hatari ya kifafa cha mimba, ambacho chaweza kumpata mama hadi wiki 6 baada ya kujifungua. Tulimteremsha hospitali jioni ileile, na kwa neema ya Mungu akapona. Lakini siku zile tatu zinatuuma hadi leo.

Ni kweli, sindano ya ganzi yaweza kuleta maumivu ya kichwa, kwa sababu maji ya uti wa mgongo huvuja kwenye kitundu chake. Daktari Mjerumani August Bier, aliyeanzisha ganzi hiyo mwaka 1898, alichomwa yeye mwenyewe, na kichwa kikamuuma siku kadhaa. Maumivu hayo kwa kawaida huanza ndani ya siku 5, huzidi ukikaa na hupungua ukilala.

Na mgongo unaouma miezi mingi? Dawa ya ganzi huisha baada ya saa chache. Mimba hulegeza viungo vya nyonga, kisha tunainama kunyonyesha na kupanda mlima na mizigo ya majani ya ng'ombe. Hata waliojifungua bila upasuaji huumwa mgongo.

Basi mama, usinyamaze. Kichwa kikiuma bila kupoa, macho yakiona ukungu, ukipata homa, miguu ikikosa nguvu au mkojo ukikutoka bila kujua, rudi hospitali siku hiyohiyo. Nasi tunaomtembelea mzazi, wakwe, mawifi na wauguzi, tusiseme "ni sindano" kabla hajapimwa.