Mama hanunui goli: namna nilivyoanza kupiga picha za watoto wa mpira Manono

Ninyi mnaotusoma kutoka Kalemie na kwingine mlikokimbilia, tangu niseme kwenye redio kwamba kando ya kazi ya habari ninapiga picha za watoto wanaocheza mpira, vijana zaidi ya kumi wamenifuata nyumbani. Wote wameuliza swali moja: aparei ni bei gani? Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani atanunua picha. Mimi pia sikuuliza, ndiyo maana miezi ya kwanza nilikula hasara.

Kazi ya habari hailishi nyumba, mnajua wenyewe. Shemeji yangu aliniletea kutoka Lubumbashi aparei ya mkono wa pili, dola 180 pamoja na lenzi ya kuvuta mbali. Dola 100 zilikuwa zangu. Zile 80 nilizikopa kwenye likelemba ya mke wangu, na mpaka leo ananikumbusha.

Nilianza na mashindano ya likizo kubwa, mwezi wa saba, wakati vumbi la Manono linaingia mpaka ndani ya sahani. Kichwani nilikuwa na TP Mazembe. Nani kati yetu amesahau Desemba 2010, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazili 2-0 kule Abu Dhabi na kufika fainali ya dunia ya vilabu mbele ya Inter Milan? Fainali tulipoteza, 3-0, lakini picha iliyobaki ni ya golikipa Kidiaba akirukaruka chini kwa makalio kwa furaha. Nilitaka picha kama ile. Kwa siku tatu nilikaa nyuma ya goli na kupiga picha zaidi ya 400: mpira ukiingia wavuni, washambuliaji wakipiga vichwa, vumbi likipanda. Nzuri kabisa, nilijisifu peke yangu.

Niliuza 4.

Mama mmoja alizipitia zote kwenye kioo cha aparei, polepole, jua likituchoma, kisha akaniambia: «Goli ni zuri, papa. Lakini mtoto wangu yuko wapi?» Mtoto wake alikuwa wa benchi. Aliingia dakika kumi za mwisho, akagusa mpira mara mbili, akaanguka mara moja. Sikuwa na picha yake hata moja, hata ile ya kuanguka. Yule mama alikuwa ameshika franka 1,500 mkononi, akazirudisha kwenye kitenge.

Hapo ndipo nilipoielewa biashara. Mwenye klabu hana makuta, mchezaji mwenyewe hana makuta, na gazeti la kununua picha hapa hatuna. Anayenunua ni mzazi, na mzazi hanunui goli, ananunua mtoto wake. Mfungaji mmoja ana mama mmoja. Lakini timu ina watoto 18 au 20, na kila mmoja ana mama, bibi, mjomba aliye migodini. Tangu siku ile naanza na wale wa benchi. Mbele ya mechi naandika kwenye daftari namba ya kila jezi, na pembeni yake jina la mzazi na kartiye anamokaa. Kama timu haina namba (na ziko timu zinazocheza na jezi za rangi tatu), naandika viatu: «wa pekupeku», «wa soksi moja nyekundu». Mechi ikikaribia kwisha naangalia daftari: nani bado? Namtafuta huyo, hata mpira uwe upande mwingine. Picha za goli nakosa nyingi sasa, na siumii.

Juu ya namna ya kupiga sitasema mengi. Mechi za saa nane achaneni nazo, jua linasimama juu ya kichwa na macho ya mtoto yanakuwa mashimo mawili meusi. Subirini saa kumi, jua likishuka, nanyi mlipe mgongo. Kiwanja ninachopendelea kiko karibu na vilima vya mchanga mweupe uliobaki tangu Géomines ya wakati wa Wabelgiji. Ule mchanga unarudisha mwanga kwenye uso wa mtoto kutoka chini, bure, wala hauombi makuta. Watu wanakuja Manono juu ya kasiterite na lithiamu. Mimi nimefaidi mabaki. Pigeni goti, kwa sababu mtoto wa miaka kumi akipigwa picha na mtu aliyesimama anaonekana mfupi kama kuku. Wekeni mwendo wa haraka, sehemu 1 ya 800 ya sekunde au zaidi, la sivyo miguu yote inakuwa moshi. Na golikipa akidaka mpira, msishushe aparei: watoto ambao Kidiaba alipokuwa Abu Dhabi walikuwa bado hawajazaliwa wote wanajua kuruka kwa makalio, na hiyo ni picha ambayo sijawahi kuona mzazi akiikataa.

Taabu kubwa ni karatasi. Mwanzoni nilikuwa natuma kadi Kalemie na watu wa pikipiki, picha zitolewe kwenye studio moja kule. Mara ya kwanza zilirudi nusu, mara ya pili zilirudi za harusi ya watu wengine, na bibi harusi alikuwa analia. Nikanunua mashine ndogo ya kutoa picha, nayo inakula wino kama mgeni asiyekuwa na haya. Picha moja ya sentimeta 10 kwa 15 inanigharimu karibu franka 800, karatasi na wino. Nauza 1,500. Hesabuni wenyewe: ili nirudishe zile dola 180 ilinibidi miezi minane, na hapo sijahesabu miguu yangu. Anayetaka utajiri wa haraka aende kwingine. Lakini Jumapili moja nzuri inalipa unga na masomo ya mtoto mmoja, na Jumapili inarudi kila wiki.

Kuna wanaosema: siku hizi kila mtu ana telefone, karatasi ya nini? Jibu nililipata kwa mama mwingine. Yeye na watoto wake walikimbia kutoka upande wa Kiambi wakati wa vita vya Batwa na Baluba, vile vya 2016 na 2017, vilivyojaza kambi za Kalemie na nyumba za jamaa hapa kwetu. Mtoto wake alicheza beki, mrefu, mwembamba. Alikuja na franka 500. Nikamwambia, mama, chukua tu. Akakataa. «Kitu cha bure kina mdomo,» alisema, «kesho kitanisema.» Alilipa Jumapili tatu, 500 kila mara, na ya tatu ndipo akachukua picha.

Aliiangalia muda mrefu. Kisha akasema kwamba kila mtu husema huyu mdogo anafanana na mkubwa wake. Mkubwa alibaki kule. Kijijini walikuwa na picha zake mbili, moja ya ubatizo na moja ya kumaliza darasa la sita, na nyumba iliungua pamoja nazo. Telefone iliyokuwa na picha nyingine waliiuza njiani, wapate nauli. «Hapa kwenye shavu,» akanionyesha, «ni yeye kabisa.» Sikujua la kujibu. Nilikwenda nyumbani, nikatafuta kwenye kadi picha zote za yule beki, zilikuwa saba, nikatoa ile aliyogeuza uso upande ule wa shavu. Hiyo nilimpelekea na nikamwambia ni ya kulipia, franka 500, akilini mwangu nikijua ni uongo wa bei. Alilipa siku hiyo hiyo.

Sasa niseme la aibu, kwa sababu wanaotaka kuanza kazi hii wanapaswa kulisikia kutoka kwa aliyelifanya.

Timu moja ya vijana ilishinda na nikaipiga picha ya pamoja, wote 16, wakishikana mabega. Katika timu hiyo kuna watoto wa Batwa na wa Baluba, na nilikuwa nimewapanga kwa urefu ili wasijipange wenyewe. Ilikuwa picha nzuri, nikaiweka kwenye WhatsApp yangu ili watu waone kazi. Usiku wa pili mjomba wa kijana mmoja alipiga hodi. Hakuingia. Alisema yule kijana alitoka kwenye kundi la wenye silaha, familia ilimleta mjini kimya, na sasa wamepigiwa simu na watu wanaosema wameona uso wake na wanajua kiwanja. Nilifuta picha ile mbele yake. Lakini mmeshajua, ukifuta kwako hujafuta kwa wale walioihifadhi.

Mimi ni mtu wa habari. Nimefundishwa kwamba mtoto aliyetoka kwenye makundi ya silaha uso wake hauonyeshwi. Najua kwamba nchi yetu ina sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009. Kwenye redio nisingetaja hata jina la kartiye yake. Kwenye mpira nilisahau, juu ya kuwa walikuwa wanacheka. Wiki ile kijana hakuja mazoezini, wala ile iliyofuata.

Tangu hapo hakuna picha inayotoka kwangu kwa telefone. Inatoka kwenye karatasi, ndani ya bahasha, kwa mkono wa mzazi au mlezi aliyeandikwa kwenye daftari. Mbele ya mashindano napita kwa mwalimu wa timu na kwa wazazi, nauliza nani asipigwe, na sitaki kujua sababu. Naandika namba ya jezi na kuizungushia duara. Mtoto wa duara simpigi, na kwenye picha ya timu namwomba anishikie begi. Biashara imepungua kidogo, maana watu hawaoni kazi yangu kwenye telefone. Basi, waje wauone ukuta wa nyumba yangu, nimetundika picha za watoto wangu mwenyewe.

Nina tangazo. Katika sanduku langu nina bahasha 31 ambazo hazijachukuliwa, za mashindano ya likizo mbili zilizopita. Wengi wa wenyewe wamehamia Kalemie au wamerudi vijijini. Mwezi ujao nitakwenda Kalemie kununua karatasi na nitazibeba zote. Kama mtoto wako alicheza Manono, mtume mtu unayemwamini kwenye redio, aseme namba ya jezi na jina la mlezi, basi. Kwa aliyekwisha kulipa hakuna cha kuongeza, na asiyelipa tutaelewana.

Bahasha moja haina picha ya timu, ina picha moja tu, ya kijana peke yake akifunga kamba za viatu, uso ameuinamisha. Namba 14. Mjomba wake anajua nyumba yangu. Saa yoyote, hata usiku.