Kanga wa Ukingoni mwa Msitu

Mwaka jana, wakati wa kupanda, tulikuwa ubaoni tukiwaandikia watoto wa darasa la sita hesabu zao, mara tukaona askari wawili wa msitu wamesimama mlangoni. Kati yao alikuwapo kijana wetu mmoja, ambaye asubuhi ile hakuitika jina lake lilipoitwa. Mkononi mwa askari mmoja walining'inia kanga watatu, miguu yao imefungwa pamoja kwa kamba ya katani, na matone ya damu yalikuwa yakidondoka juu ya kizingiti.

“Habari za kazi, Mwalimu,” alisema yule aliyekuwa mkubwa. “Samahani kwa kukukatiza. Huyu mtoto tumemkuta na mitego, naye asema kwamba alifundishwa kuitega hapa shuleni.”

Watoto wote walitugeukia. Twaona haya hata sasa tunapoandika, kwa maana kijana hakusema uongo. Majuma mawili kabla ya siku ile, katika kipindi cha habari za kale, tuliwasimulia watoto jinsi babu yetu alivyokuwa akiwanasa kanga kandokando ya shamba. Tuliwachorea ubaoni boma dogo la miiba lisilozidi goti, lenye mapengo machache, na katika kila pengo tanzi la nywele za mkia wa ng'ombe. Tuliwaeleza kwamba kanga hupenda kukimbia kabla ya kuruka, na kwamba akiona boma fupi haliruki, bali hulifuata mpaka apate mlango. Kusudi letu lilikuwa kuwaonyesha watoto kwamba wazee wetu walikuwa watu wenye kutazama na kufikiri. Kijana huyu alisikiliza vema kuliko wenziwe wote, tena kuliko tulivyotaka.

Wasomaji walio mbali watapenda kujua Ganako ilivyo. Ni kata ya wilaya ya Karatu, penye mashamba ya mahindi, maharagwe, ngano na mbaazi, na barabara iendayo Ngorongoro yapita upande wetu. Juu ya mashamba upo msitu wa milima, nao umo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kutoka msitu huo hutoka maji tunywayo. Mpaka wa msitu na shamba waweza kuuvuka kwa hatua moja, na kanga huuvuka kila siku bila kuuliza. Asubuhi na mapema hushuka kundi zima, ishirini au thelathini, na mahali palipopandwa jana hupakwaruakwarua kama kuku, mbegu baada ya mbegu, mstari mzima. Jioni hurudi kulala juu ya miti ya msituni.

Shamba la mama yake kijana lipo papo hapo mpakani. Mama huyo alipanda, kanga wakafukua. Akapanda mara ya pili, wakafukua tena. Tembo au nyati akila shamba, Serikali ina kanuni ya kutoa kifuta jasho, tangu mwaka 2011. Lakini kanga hayumo katika hesabu ya wanyama hao wakali, na nani angemtia? Basi mama alilia hasara yake kimya, na mwanawe akakumbuka somo la mwalimu.

Tuliwasihi wale askari. Tuliwaambia kwamba kosa ni letu, tukaandika jina letu katika daftari lao, tukaahidi kusema na watoto. Nao walikuwa watu wa huruma. Waliwachukua kanga na tanzi, wakamwachia kijana kwa onyo. Wangeweza kufanya zaidi, kwa sababu sheria ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori yakataza kumwinda mnyama bila leseni, na kanga na kwale wamo katika wale wanaohitaji leseni. Tanzi nalo ni chombo kilichokatazwa. Na ndani ya Hifadhi uwindaji hauruhusiwi kabisa.

Jioni ile tulikwenda kwa babu, tukamweleza yote. Tulidhani atacheka, lakini hakucheka. Aliuliza neno moja tu: “Uliwaambia wasitege wakati wa mvua?”

Hatukuwaambia. Babu alikuwa hategi kamwe katika miezi ya mvua, kwa kuwa ndiyo miezi ambayo kanga hutaga na kulalia mayai, na ukimwua mama mmoja umeua na wana wasioonekana. Alingoja mpaka mavuno yaingie ghalani. Sehemu hiyo ya habari tuliisahau ubaoni, nasi twakiri kwamba ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote. Tuliwafundisha watoto werevu wa mkono, tukaacha ule wa kujizuia.

Babu ana kisa chake mwenyewe. Alipokuwa kijana alitega kwa tanzi kama wenzake. Baadaye, alipopata kazi katika mashamba ya kahawa ya Oldeani, alinunua gobore, akawa akienda mjini kulipia cheti chake cha kuwinda ndege. Wakati ule wazee walimwita mkubwa wa idara ya wanyama Bwana Nyama, na babu humwita hivyo hata leo. Alikuwa akijivunia cheti kile. Asema kwamba siku alipokwenda na fedha zake mkononi, akaambiwa hapana vyeti tena, alidhani amekosa adabu mahali fulani. Hakukosa. Mwezi wa Septemba mwaka 1973 Serikali ilisimamisha uwindaji katika nchi nzima, na haukufunguliwa tena hata mwaka 1978. Ulipofunguliwa, gobore lilikuwa limekwisha kushika kutu, na bei ya vyeti ilikuwa imewapita watu kama yeye.

Kwa kweli mlango huo ulianza kufungwa zamani sana. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya wanyama wa mwitu, kwamba atakaye kuwinda sharti apate kibali, akatenga na sehemu za kuhifadhi. Waingereza walileta sheria zao mwaka 1921, wakazigeuza mwaka 1940 na tena mwaka 1951. Mwaka 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ikatengwa mbali na Serengeti. Kila sheria ilikuwa na sababu yake, na nyingine sababu njema. Bila hizo, huenda vifaru wa bondeni wangekuwa habari ya vitabuni tu. Lakini kila mara kibali kilimfikiria mtu mwenye bunduki na fedha. Mtu mwenye tanzi la nywele hakufikiriwa, ila kama mwivi.

Jirani zetu wa Kenya walifuata njia nyingine kidogo. Mwaka 1977 walipiga marufuku uwindaji, walakini ndege waliachwa, wakaendelea kupigwa kwa leseni katika sehemu zilizotajwa. Ndipo sheria yao ya mwaka 2013 ikasema kwamba kuwinda kwa kujifurahisha ni kosa.

Sasa tuseme habari za mgeni. Mwezi wa Julai gari la watalii liliharibika karibu na nyumba ya babu, na mmoja wao, mzee wa makamo ya babu mwenyewe, alikaribishwa kivulini, akapewa maziwa. Alitoka Pennsylvania, nchini Marekani. Alipowaona kanga wakipita ng'ambo ya shamba, macho yake yaling'aa, akasema kwamba yeye ni mwindaji wa ndege tangu utoto, na kwamba Serikali ya jimbo lake imewaonea wawindaji. Babu akasogeza kigoda. Sisi tukawa mkalimani.

Mgeni alieleza kwamba kwao yuko ndege aitwaye fezanti, wa jamaa ya kanga na kwale, jogoo wake ana shingo ya kijani na mkia mrefu kama upanga. Si ndege wa asili ya Marekani. Aliletwa kutoka China, akafunguliwa katika jimbo la Oregon miaka ya 1880, akaongezeka. Lakini mashamba yalipobadilika, vichaka vikafyekwa na majani yakakatwa mapema, fezanti wa mwitu walipungua sana huko Pennsylvania. Kwa hiyo idara ya wanyama ya jimbo, iliyokuwa na mashamba ya kufugia ndege hao tangu mwaka 1929, iliendelea kuwalea vifaranga mpaka wakomae, kisha kuwafungulia katika ardhi ya umma, ili mtu yeyote mwenye leseni aende kuwinda.

Hapo babu alitushika mkono. “Mjukuu wangu, umekosea kutafsiri. Mwulize tena.”

Tulimwuliza tena. Mgeni akasema ni vivyo hivyo.

“Yaani Serikali yao hufuga kuku,” akasema babu polepole, “huwalisha, huwanywesha, halafu huwafungulia mlango ili watu wakawapige marisau?”

Tulimtafsiria mgeni, naye akacheka mpaka maziwa yakamwagika. Akasema kwamba hata kwao wapo waulizao hivyo. Kisha akaendelea na malalamiko yake. Ndege hao waligharimu zaidi ya dola milioni nne kwa mwaka, na idara ile hutegemea fedha za leseni, ambazo bei yake haikuwa imepandishwa na bunge la jimbo tangu mwaka 1999. Fedha zikapungua. Mwezi wa Januari 2017 idara ikafunga mashamba mawili kati ya manne, na kuanzia mwaka ule mwindaji mtu mzima akatakiwa kulipa dola 25 zaidi kwa kibali cha fezanti. Wawindaji wengine walikubali, wakasema afadhali kulipa kuliko kukosa. Wengine, naye akiwa mmoja wao, walipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba tajiri ana mahali pake pa kuwindia, huwanunua ndege wake na kuwapiga apendavyo. Anayeumia ni mtu wa kazi ya mikono ambaye hana ardhi ila ile ya umma. “Mimi nilimfundisha mwanangu kuwinda katika ardhi ile,” alisema. “Mjukuu wangu nimfundishe wapi?”

Babu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mwambie mgeni nampa pole. Lakini mwambie pia kwamba wao walipunguziwa, nao walipata wa kumlalamikia. Mimi siku ile nilirudi nyumbani na fedha zangu, sikujua hata jina la mtu aliyefunga.”

Tulitafsiri neno kwa neno. Mgeni hakujibu, ila alimshika babu bega, na hivyo ndivyo walivyokaa mpaka gari lilipotengenezwa.

Sisi tulipofikiri habari hizi usiku, tuliona kwamba wazee wale walifanana kwa machungu tu. Fezanti wa Pennsylvania ni ndege wa bakuli. Asipolishwa na Serikali hayuko. Kanga wetu hajalishwa na mtu, ila mama yule mpandaji wa mbaazi, naye humlisha bila kupenda. Huko, atakaye ndege alipie ndege. Hapa, amlishaye ndege hana ruhusa ya kumgusa. Walakini twajua pia jambo jingine ambalo babu hapendi kulisikia. Alipokuwa kijana nyumba zilikuwa chache, na kutoka boma hata boma ulitembea. Katika hesabu ya mwaka 2012 wilaya ya Karatu ilikuwa na watu zaidi ya 230,000. Kila nyumba ikitega tanzi moja tu, hata baada ya mavuno, sijui kama mtoto wa darasa la kwanza leo atamwona kanga atakapokuwa mwalimu. Tulimwambia babu hivyo. Alikasirika, akatuambia kwamba tumesoma sana. Kesho yake alituita, akasema, “Basi iwe kwa hesabu.”

Hivyo ndivyo barua ilivyoandikwa. Wazee watano walikuja kwa babu, tukawaandikia ombi kwa ofisi inayohusika. Hawakuomba msitu. Waliomba kwamba katika mashamba yaliyo nje ya mpaka, baada ya mavuno na kabla ya mvua, wakulima wa ukingoni waruhusiwe kuchukua kanga kwa idadi itakayowekwa na Serikali, kwa ada ambayo mkulima aiweza, na kwa mtego ambao askari ameukagua. Mzee mmoja alitaka tuandike kanga kumi kwa kila nyumba. Babu alisema wanne. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwishowe tukaandika wanne. Sisi tuliongeza kifungu kimoja kwa hiari yetu, kwamba mayai yasiguswe na kwamba atakayetega wakati wa mvua anyang'anywe ruhusa daima. Tulipowasomea, babu alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, “Sasa umelifundisha lote.”

Darasani nako tulirudia somo. Tulichora boma lile lile ubaoni, tukaeleza miezi, mayai na sheria, kisha tukawaambia watoto wazi kwamba leo haturuhusiwi kulitega. Mkono mmoja ulinyoshwa nyuma: “Mwalimu, sasa kwa nini watufundisha?” Tulijibu kwamba ni ili wajue babu zao walijua nini. Hatudhani jibu hilo lilimtosha, wala sisi halikututosha.

Barua imekwisha kupelekwa, na jibu halijafika. Kijana wetu sasa yuko darasa la saba. Wakati wa kupanda huamka kabla ya alfajiri, akasimama katika shamba la mama yake na debe tupu na fimbo, akipiga kelele. Kanga wamekwisha kumzoea. Wakisikia debe huvuka mpaka hatua chache tu, wakasimama chini ya mti wa kwanza wa msitu wakimtazama, wakingoja kengele ya shule ipigwe.