Kabla ya Kukata Paa

Tangu Stendi ya Magufuli ilipofunguliwa Februari 2021, Mbezi Luis haikaukiwi mizigo. Kinachoshushwa pale lazima kipande Makabe, Msakuzi au Mpiji Magohe, na wabebaji wanajulikana: bodaboda, guta, kirikuu. Ila mara moja moja hupita gari ambalo watu hugeuka kulitazama. Mbele ni Corolla, nyuma ni pikapu. Wengi huangalia rangi na umbo. Mimi huinama kuangalia chini, kwa sababu ninalo moja na ninajua siri yake iko wapi.

Langu ni Corolla ya miaka ya tisini aliyoniachia marehemu mume wangu. Nafuga kuku, na kila wiki chakula chao kilikuwa kinakula faida kwa nauli ya kukodi. Bei ya kuliuza waliyonitajia madalali isingenikaribisha hata mlangoni kwa muuza kirikuu. Nikaamua gari lenyewe ligeuzwe.

Fundi niliyempelekea hakushika grenda siku hiyo. Alilipandisha jeki, akatandika boksi, akaniambia, "Mama, njoo uone kitu." Nikainama naye. Akanionyesha kwamba lori au Land Cruiser ya mizigo ina chesisi, mihimili miwili ya chuma inayotoka mbele hadi nyuma, na bodi imepandishwa juu yake tu. Bodi ukiivua, gari bado linasimama. Corolla haina mihimili hiyo. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimechomelewa pamoja, na huo muungano ndio mfupa wake. "Watu wanadhani paa ni la kuzuia mvua," akasema. "Paa hili linabeba." Ukilikata nyuma ya viti vya mbele bila kuweka kitu badala yake, gari hulegea katikati. Milango huanza kugoma kufunga, kioo cha mbele hupasuka bila kuguswa, na siku ya mzigo mzito linajikunja.

Hata wenye viwanda walilijua hilo. Lewis Bandt, mbunifu wa Ford kule Geelong, Australia, alipounganisha starehe ya gari dogo na sehemu ya mizigo mwaka 1934, Ford za wakati huo bado zilikuwa na chesisi ya kubeba mzigo. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968 ikiwa gari la familia, na Peugeot walipoitengenezea pikapu waliipa mihimili ya chuma upande wa nyuma na springi za kustahimili mzigo. Hapo juu tu, Kibaha, wahandisi wa kituo cha magari cha Nyumbu walitengeneza lori lao kwa ajili ya mzigo tangu mwanzo. Sisi wa gereji za mtaani tunaanzia upande wa pili: gari tayari lipo, tena limechoka, na inabidi tuliulize litaweza nini.

Maneno ya fundi yalinigusa kuliko alivyokusudia. Baada ya arobaini ya mume wangu, ndugu walinijia na orodha ya vitu vya kukata. Acha kikoba, unalipa hisa za nini na hali hii. Acha kwaya, mazoezi yanakuchosha. Uza kiwanja, uhamie kwa mwanao. Walinipenda, na hesabu zao kwenye karatasi zilikuwa sahihi. Lakini kikoba ndiko kulikokuwa na watu waliojua kama nimekula. Kwaya ilinitoa kitandani Jumamosi. Ukivitazama kwa nje vilikuwa pambo la maisha ya mtu mwenye nafasi. Kumbe vilikuwa vimenishika, na kama ningevikata mwezi ule sijui ningesimamia wapi. Siamini kwamba mjane, mstaafu au aliyeachishwa kazi anapaswa kuanza upya kwa kupunguza. Aanze kwa kukagua kipi kimebeba nini. Vingine vitakatwa, ndiyo. Mimi niliacha kukodi ukumbi wa sherehe kila mwaka, wala sikuyumba.

Kwa hiyo gerejini tulianza kwa kuongeza. Betri ilifunguliwa, na tangi la mafuta, ambalo liko chini ya kiti cha nyuma, likashushwa na kuwekwa mbali na moto. Bomba mraba nene zikachomelewa chini ya vizingiti, zikaunganishwa kwa vyuma vya kukatisha, milango yote ikiwa imefungwa ili vipimo visihame. Hapo ndipo paa likakatwa, na ukuta wa chuma ukasimamishwa nyuma ya viti vya mbele. Kioo cha nyuma hakikutumika tena, maana kile hakikatiki. Ukijaribu kukikata kinamwagika chembechembe. Tuliweka kioo bapa cha tabaka mbili.

Pesa ilikuwa kidogo, nami nilisimamia iende wapi. Ilikwenda kwenye chuma, uchomeleaji, springi na breki. Sakafu ya kupakilia ni bati la chakavu lililonyooshwa kwa nyundo, taa za nyuma ni zilezile, na kwa miezi mingi gari lilitembea na praima ya kijivu. Kadi ya gari nayo ilihitaji kushughulikiwa, kwa sababu inataja aina ya bodi na idadi ya viti. Hilo si la kukwepa, hata kwa bima yako mwenyewe.

Halikugeuka kuwa lori. Liliundwa kubeba watu watano, kama kilo 350, na mimi napakia mifuko sita ya kilo 50, yote ikisukumwa karibu na kibini. Corolla inavutwa na magurudumu ya mbele. Mzigo ukikaa mwisho kabisa, pua inanyanyuka na mlima wa Makabe unakushinda.

Jirani yangu aliliona, akataka Mark II yake ifanyiwe vilevile. Nikampeleka kwa fundi yuleyule. Fundi akaingia chini, akagonga kizingiti kwa bisibisi, bisibisi ikazama kwenye kutu. Akagonga upande wa pili, ikazama tena. "Mzee, hapa hakuna pa kuchomelea," akamwambia. Jirani akamwongezea dau. Fundi akakataa, akamtajia mtu wa Ilala anayenunua injini na giaboksi.