Kisu Kimoja au Vitano?



Kikundi chetu hapa Koni, karibu na mto Lufira, kinataka kubebesha miembe, yaani kuunganisha kikonyo cha mwembe mzuri na mche wa kienyeji. Akiba yetu yatosha kununua kisu kimoja cha bei ghali au vitano vya bei rahisi. Wengi wenu mwataka vitano, ili kila mmoja apate kazi. Mimi nachagua kimoja.

Kikonyo hushika pale tu utando laini ulio kati ya gome na mti unapogusana na ule wa mche. Kisu butu huuponda utando huo, na kikonyo hukauka. Jembe, ndoo na kamba na viwe vya bei rahisi, kwani havikati kikonyo.

Hata hivyo, bei haitoshi. Kisu ghali kisichonolewa kwa jiwe, wala kufutwa utomvu, wala kupakwa mafuta, kitaujeruhi mti sawasawa na kile hafifu. Basi kabla ya kutoa fedha, tukubaliane: nani atakayekinoa?