KILTI: VAZI LA MSKOTI LINUNULIWALO MARA MOJA

Mgeni atokaye katika ngome ya Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, hujikuta kwenye barabara kongwe ya mawe iteremkayo kwa kadiri ya maili moja hadi jumba la kifalme la Holyroodhouse. Barabara hiyo huitwa Royal Mile. Maduka yamepangana pande zote mbili, na kwenye milango ya mengi kati yake zimetundikwa nguo zenye mistari myekundu, ya kijani na ya samawati, inayopishana kama ile ya shuka za Wamasai. Hizo ndizo kilti, vazi la wanaume wa Uskoti.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hatalistaajabia sana vazi hilo. Babu zake wamejifunga kikoi na msuli tangu zamani, naye ajua vyema kwamba uanaume haukai ndani ya suruali. Hata hivyo, kikoi hununuliwa asubuhi kikavaliwa mchana. Kilti iliyoshonwa kwa mkono hugharimu mamia ya paundi, hungojewa kwa majuma kadhaa, na watu wengi huinunua moja tu maishani. Kwa hiyo kijana wa Kiskoti anayetaka kilti yake ya kwanza, aghalabu kwa ajili ya harusi, hana budi kujua anachokilipia. Akikosea, atabaki na nguo asiyoweza kuivaa wala kuirudisha.

VAZI LILILOPIGWA MARUFUKU

Hapo kale wanaume wa milima ya kaskazini walijifunga kitambaa kimoja kipana cha sufu. Sehemu ya chini walikikunja marinda wakaikaza kwa mkanda, na ya juu wakaitupa begani. Mchana kilikuwa nguo, usiku kikawa blanketi. Katika karne ya 18 sehemu ya chini ilitengwa ikawa vazi peke yake, na hiyo ndiyo kilti ijulikanayo leo.

Tarehe 16 Aprili, 1746, majeshi ya Serikali yaliwashinda wafuasi wa Mwanamfalme Charles Edward Stuart katika uwanja wa Culloden. Mwaka huo huo Bunge la London lilitunga sheria ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuvaa mavazi ya milimani. Aliyepatikana na hatia mara ya kwanza alifungwa miezi sita. Aliyerudia alipelekwa ng'ambo, katika mashamba ya Mfalme, kwa miaka saba. Walioruhusiwa kuendelea kuvaa kilti ni askari waliolitumikia jeshi la Mfalme huyo huyo.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Kwa muda wa miaka ipatayo 35 watoto wa milimani walizaliwa na kukua bila ya kumwona baba akivaa vazi la babu. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, na mwandishi Sir Walter Scott ndiye aliyeyasimamia mapokezi. Mfalme mwenyewe alivaa kilti. Vazi lililokuwa limewatia watu gerezani likawa vazi la heshima la taifa zima, hata kwa watu wa nyanda za chini ambao mababu zao hawakulivaa kamwe.

RANGI NI ZA NANI?

Jambo la kwanza linalomtia mnunuzi wasiwasi ni mistari ya kitambaa, iitwayo tartani. Husemwa kwamba kila ukoo una tartani yake, na wako wengi wanaoogopa kuvaa ya watu wengine wasije wakachekwa. Kwa hakika desturi ya ukoo mmoja kuwa na tartani moja haina umri mkubwa kama inavyodhaniwa. Ilipata nguvu mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1815 chama cha Highland Society of London kilianza kuwaomba wakuu wa koo wapeleke vipande vya tartani zao vihifadhiwe. Na wafumaji wa kampuni ya Wilson, pale Bannockburn, waliuza tartani nyingi zilizokuwa na namba tu kabla hazijapewa majina.

Tangu mwaka 2009 iko daftari rasmi ya tartani inayotunzwa na Serikali ya Uskoti. Humo zimo za koo, za wilaya, za vikosi vya jeshi, hata za makampuni, na mtu yeyote aweza kuandikisha mpya akilipa ada. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuvaa tartani ya ukoo usio wake. Iko michache iliyotengwa kwa heshima, kama ile ya Balmoral iliyobuniwa mwaka 1853 kwa ajili ya jamaa ya kifalme. Mwenye jina la ukoo huanza na jina la baba yake, au la mama yake. Asiye na ukoo huchagua ya wilaya, au ile nyeusi, kijani na samawati ya kikosi cha Black Watch, inayovaliwa na watu wengi. Kanga husema kwa maandishi. Tartani husema kwa rangi. La muhimu ni mvaaji kujua nguo yake inasema nini.

Tena tartani moja hufumwa kwa rangi za namna mbalimbali: zilizokoza, zilizo nyepesi, na zile zilizopauka kana kwamba zimepigwa na mvua na jua. Yafaa mnunuzi akipeleke kitambaa mlangoni akitazame kwa mwanga wa mchana, maana taa za dukani hudanganya.

KITAMBAA, MARINDA NA VIPIMO

Kilti kamili ya mwanamume huchukua yadi nane za sufu safi, yaani zaidi kidogo ya mita saba. Sufu ya wakia 13 kwa yadi hutosha kwa shughuli za ndani. Ya wakia 16 ni nzito zaidi, marinda yake hutulia, na upepo wa milimani hauipeperushi ovyo. Zile zilizotundikwa milangoni kwa makumi machache ya paundi aghalabu hufumwa kwa nyuzi zisizo za sufu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ziko alama tatu za kutambua kazi ya fundi. Kwanza, atazame nyuma. Marinda hupita ishirini, na katika kazi njema fundi huyapanga hivi kwamba mistari hukutana tena, mgongo ukaonyesha mchoro ule ule wa mbele. Pili, atazame ukingo wa chini. Kilti ya kweli haina pindo lililoshonwa. Ukingo wake ndio ule ule uliotoka kwenye mtambo wa kufumia. Tatu, aigeuze aone ndani: bitana, kitambaa kigumu cha kushikilia kiuno, na mishono ya mkono iliyobana marinda kutoka kiunoni hadi nyongani.

Kwa kuwa ukingo haukunjwi, urefu hauwezi kurekebishwa kwa urahisi. Hapo ndipo wanunuzi wengi huharibikiwa. Kijana hutaja kipimo cha suruali yake, kumbe kilti hufungwa juu zaidi, karibu na kitovu. Hana budi apimwe na fundi kiuno, nyonga, na urefu kutoka kiunoni hadi katikati ya goti. Kilti inayoshuka chini ya goti humfanya mtu mzima aonekane kama mtoto aliyevaa nguo ya kaka yake. Upana ndio wenye nafasi kidogo: bizimu huweza kusogezwa tumbo linapoongezeka, jambo linalowafariji wengi baada ya harusi.

VITU VYA KUANDAMANA NAYO

Kilti haina mifuko, basi mbele huning'inizwa mkoba wa ngozi uitwao sporani. Soksi ndefu za sufu hukunjwa chini ya goti. Katika soksi hutiwa kisu kidogo kiitwacho sgian dubh, maana yake kwa Kigaeli ni kisu cheusi. Pini ya kilti huchomwa kwenye kipande cha juu cha mbele peke yake. Mwenye kuipitisha katika vipande vyote viwili huchana sufu yake siku ya kwanza akiketi. Mwenye fedha kidogo hushauriwa aanze na kilti njema, vingine avinunue polepole.

KUKODI AU KUNUNUA?

Vijana wengi leo hukodi kilti kwa siku moja ya harusi. Si aibu, na huokoa fedha. Lakini wapo maduka yanayofuma hesabu nzuri mbele ya mteja: mwenye kualikwa harusi nne au tano, na sherehe za tarehe 25 Januari za kumkumbuka mshairi Robert Burns, na michezo ya milimani ya kila kiangazi, atalipa kodi hiyo mara nyingi mpaka ifikie bei ya kilti yake mwenyewe. Na hapo bado nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Liko jambo jingine kubwa kuliko hesabu. Mwaka 2021 chama cha Heritage Crafts cha Uingereza kiliuingiza ushonaji wa kilti katika orodha yake ya kazi za mikono zilizo hatarini kutoweka. Fundi mmoja hukaa siku kadhaa juu ya kilti moja, na kujifunza kazi hiyo vizuri huchukua miaka. Nguo za bei rahisi zitokazo viwandani humnyang'anya mkate wake. Bunge la London lilishindwa kuiua kilti kwa kifungo na uhamisho. Yasiyowezwa na sheria huweza kufanywa na soko, polepole na bila kelele. Kila kijana anayeagiza kilti yake kwa fundi humpa fundi huyo sababu ya kumfundisha mwanafunzi, naye mwenyewe hupata nguo ambayo, ikitunzwa na nondo, mwanawe aweza kuivaa.